Huyu Ananitazama, Wale Wana Shughuli Zao

Leo nakupeleka Ulaya ya karne nyingi zilizopita, ila safari tutaianzia karibu: sebuleni kwa shangazi yangu. Viatu tuviache mlangoni, maana zulia lake halina mchezo.

Shangazi ana picha mbili ukutani. Moja ni ndogo, iko pembeni, juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma, rozari na mshumaa. Ni Bikira Maria Mama wa Msaada wa Daima, amempakata mtoto, na nyuma yao ni rangi ya dhahabu tupu. Nyingine ni kubwa, imetundikwa juu ya meza ya kulia: Karamu ya Mwisho, Yesu na mitume kumi na wawili, ile ya kitambaa kinachometameta ambayo wamachinga huizungusha mitaani. Wengi mnaonisikiliza mmeziona picha hizi, kama si kwenu basi kwa jirani.

Siku moja nikamwuliza, "Shangazi, mbona unasali mbele ya hii ndogo tu? Ile kubwa ina Yesu na mitume wake wote." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chai hunywewa kikombeni. Akasema, "Mwanangu, huyu ananitazama. Wale wana shughuli zao."

Jibu hilo nimetembea nalo miaka. Ile picha ndogo ni ya mapokeo ya Zama za Kati. Ile kubwa ni nakala ya kazi ya Leonardo da Vinci, mtu wa zama zinazoitwa Renesansi, yaani kuzaliwa upya, au Mwamko kama tulivyofundishwa katika historia shuleni. Watu wameandika vitabu vinene kueleza tofauti ya sanaa ya zama hizo mbili. Mimi leo nitashika kitu kimoja kidogo tu: lile duara la dhahabu linalozunguka kichwa cha mtakatifu. Tulifuate kutoka mkono wa mchoraji mmoja hadi mwingine, tuone linaishia wapi.

Tuanze na picha ndogo. Yenyewe, mama wa nakala zote, iko Roma katika kanisa la Mtakatifu Alfonso, chini ya uangalizi wa watawa Waredemptoristi tangu mwaka 1866, na mapokeo yanasema ilitoka kisiwa cha Krete. Itazame vizuri. Hakuna chumba, hakuna mti, hakuna anga. Malaika wawili wadogo wanaelea huku na huku: mmoja ameshika mkuki na sifongo, mwingine msalaba na misumari. Mtoto amegeuza shingo, ameviona vile vitu, ameshtuka, ameukimbilia mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili, hadi kiatu cha mguu mmoja kimechomoka kinaning'inia kwa ukanda. Na mama? Mama hamwangalii mtoto. Anakuangalia wewe.

Pembeni kuna herufi za Kigiriki zinazotaja kila mmoja ni nani, kwa sababu mchoraji hakutaka ubahatishe. Zama zile picha ya kanisani ilikuwa na maswali yake ya kujibu: huyu ni nani, ana cheo gani mbele za Mungu, anakuambia nini? Cheo kilionyeshwa kwa ukubwa. Mara nyingi Maria au Kristo alijaza ubao, na tajiri aliyelipia kazi akachorwa chini pembeni amepiga magoti, mdogo kama mtoto wa chekechea. Hakuna aliyedhani tajiri yule alikuwa na urefu wa futi mbili. Kila mtu alielewa kwamba kinachopimwa pale si kimo.

Na dhahabu je? Kuna fundi wa Italia, Cennino Cennini, aliyeandika karibu na mwaka 1400 kitabu cha kuwafundisha wachoraji kazi, na ukikisoma unajiona umekaa naye karakanani. Ubao unapigwa randa, unapakwa gundi, kisha jasi, tabaka juu ya tabaka, unasuguliwa hadi unakuwa laini kama pembe ya ndovu. Juu yake unapakwa udongo mwekundu. Ndipo zinapolazwa karatasi za dhahabu, nyembamba kiasi kwamba ukizipumulia zinaruka, na zikishakamata zinasuguliwa kwa jiwe lililong'arishwa au jino la mnyama, hata jino la mbwa, mpaka zing'ae. Cennini anaonya habari ya wafua dhahabu: sarafu moja ya dukati itolewe karatasi mia moja, msikubali wale wanaotoa 145, maana zinakuwa hafifu mno. Hila za sokoni hazikuanza jana.

Rangi zilichanganywa na kiini cha yai, na hapo Cennini ana ushauri ambao kila nikiusoma natabasamu. Kwa uso wa kijana, anasema, tumia kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa kimepauka. Kwa mzee au mtu mwenye ngozi iliyokolea, tumia yai la kuku wa shamba, kiini chake ni chekundu zaidi. Sisi tunaolipa bei ya juu kwa yai la kienyeji tutamwelewa bila mkalimani. Chini ya ngozi walipaka kwanza rangi ya kijani ili wekundu wa mashavu usimame vizuri, na ndiyo maana baadhi ya watakatifu wa zama hizo leo wana nyuso za kijani kama wagonjwa: rangi ya juu imechakaa, ya chini imechungulia.

Sasa chukua ubao huo uupeleke kanisani, gizani, uwashe mishumaa mbele yake. Moto ukicheza, dhahabu nayo inacheza. Uso unasogea, unajificha, unarudi. Mchoraji hakuwa amesahau kuchora ukuta au mlima nyuma ya Maria. Alikuwa anakuonyesha mahali pasipo na asubuhi wala jioni, na kwa mahali kama hapo dhahabu ndiyo rangi ya kweli kuliko zote.

Nasisitiza hili kwa sababu mazoea ni kusema wachoraji wa zamani hawakujua kuchora, kisha wakaja wengine wakajua. Twende mji wa Siena, Italia, tarehe 9 Juni 1311. Maduka yamefungwa, kengele zinalia, watu wanaandamana na mishumaa kusindikiza picha kutoka karakana ya Duccio kwenda kanisa kuu. Upande wa mbele wa picha hiyo kubwa Maria ameketi enzini. Nyuma yake, upande waliokuwa wakiuona mapadri, kuna visa vya maisha ya Yesu, na kimojawapo ni Karamu ya Mwisho.

Tazama meza ya Duccio. Imeinamishwa kuelekea kwetu kama sinia analosogezewa mgeni, ili uone kila bakuli, kila kisu, kila kipande cha mkate. Macho yako yanasema vyombo hivi vitateleza vianguke chini. Lakini hakuna ulichofichwa. Na mitume waliokaa upande wetu, wale waliotupa mgongo? Duccio amewavua maduara. Wenzao wa upande wa pili wanayo, wao hawana, kwa kuwa maduara hayo yangeziba meza. Amepiga hesabu: bora mtume akose duara kuliko wewe ukose kuona mkate. Mtu anayepanga hivyo si mtu asiyejua. Anajua anachokitaka.

Basi, miaka michache kabla ya maandamano hayo, katika mji wa Padua kaskazini mwa Italia, kulikuwa na tajiri aitwaye Enrico Scrovegni. Baba yake alikuwa mla riba mwenye sifa mbaya kiasi kwamba mshairi Dante alimtupa motoni katika utenzi wake mkuu. Enrico akajenga kikanisa, akamwita fundi wa kutoka Florence, Giotto di Bondone, aje ampambie kuta. Kufikia mwaka 1305 kikanisa kilikuwa kimewekwa wakfu.

Katika moja ya picha hizo Yesu ameshushwa msalabani, amelazwa, mama yake amemkumbatia kichwa. Msikilizaji, ukiiona picha hiyo utasema huu ni msiba wa kwetu. Wanawake wameketi chini kuizunguka maiti. Yohana ametupa mikono nyuma kwa uchungu. Juu, malaika kumi wanalia, kila mmoja kwa namna yake. Nyuma yao hakuna dhahabu: kuna anga ya buluu, kilima cha mwamba mkavu na mti uliopukutika. Na mbele kabisa kuna wanawake wawili waliojitanda, wametupa mgongo, nyuso zao hatuzioni hata kidogo.

Simama kidogo kwenye migongo hiyo miwili. Katika picha ya zamani, mtu anayekupa mgongo ana kazi gani? Utamjuaje, utamwombaje? Lakini mtu anayechelewa kufika msibani huona nini kwanza? Migongo. Giotto amekukalisha nyuma ya wale wanawake. Umefika kwenye msiba, umechelewa kidogo, umetafuta nafasi kwenye jamvi. Katika picha ya shangazi Maria anakuja kwako. Hapa umeambiwa sogea, ingia.

Giotto alikuwa na sababu. Miaka kama themanini kabla yake, Krismasi ya mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio, Fransisko wa Asizi aliweka hori, nyasi, ng'ombe na punda, watu waone kwa macho yao jinsi mtoto alivyozaliwa katika dhiki. Wafuasi wake wakaenda mijini wakihubiri hivyo hivyo: jione uko pale, sikia baridi ile, lia na yule mama. Na miji yenyewe ilikuwa inakua, yenye wafanyabiashara, wenye benki na mafundi, watu waliozoea kupima kitambaa kwa dhiraa na kukadiria ujazo wa pipa kwa jicho. Watu wa namna hiyo hupenda kujua kitu kiko wapi na kimekaa vipi.

Lakini migongo ikaleta kesi ya duara. Katika kikanisa kile kile Giotto alichora Karamu ya Mwisho, na mitume watano wamekaa kwenye benchi, migongo kwetu. Hakutaka kuwavua maduara kama alivyokuja kufanya Duccio. Sasa kama duara ni sahani iliyo nyuma ya kichwa, na mtu amekupa kisogo, sahani itakaa wapi? Giotto akaziweka mbele ya nyuso zao. Ukiitazama picha hiyo mitume wanaonekana kama wanataka kula kupitia sahani. Utacheka, kisha utamhurumia, maana vitu viwili vimegongana mkononi mwake. Duara ni alama, kama herufi. Mgongo ni mwili, una uzito, umeketi kwenye benchi. Alama haina nyuma wala mbele, mwili unavyo. Kwa miaka zaidi ya mia moja iliyofuata, wachoraji wa Italia walipigana na mgongano huo.

Tuingie Florence, mwanzoni mwa karne ya 15. Kuna fundi anaitwa Filippo Brunelleschi, ndiye atakayekuja kujenga kuba kubwa la kanisa kuu la mji huo kati ya 1420 na 1436. Siku moja anasimama mlangoni mwa kanisa hilo, ndani kidogo, ana kibao mkononi. Amechora juu yake jengo la ubatizo lililo mkabala, kwa kipimo na rula. Mahali pa anga hakupaka rangi: amebandika fedha iliyong'arishwa. Kisha ametoboa kibao, tundu dogo kama punje ya dengu. Anakuita: weka jicho lako nyuma ya kibao, tazama kupitia tundu, na kwa mkono wa pili shika kioo mbele. Unaona ndani ya kioo jengo lililochorwa. Unateremsha kioo, unaona jengo lenyewe. Unakipandisha, unakiteremsha, huoni mpaka. Na kwenye ile fedha mawingu ya siku hiyo yanapita, yakisukumwa na upepo.

Siri ilikuwa nini? Ukisimama katikati ya reli, mataruma yanapungua na vyuma viwili vinakutana mbali kwenye usawa wa jicho lako. Kila mtu ameona hilo. Brunelleschi aligundua kwamba kukutana huko kunahesabika: ukijua mtazamaji amesimama wapi, unaweza kuvuta uzi kutoka nukta moja na kujua kila tofali litaonekana na ukubwa gani. Fundi wa ujenzi anayevuta uzi kabla ya kupanga tofali ataelewa upesi kuliko profesa. Na tundu la kibao kile lina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Picha ya Maria unaweza kuitazama ukiwa popote kanisani, naye yupo. Picha ya Brunelleschi inadai jicho moja, mahali pamoja. Kwa mara ya kwanza mchoraji amemwuliza mtazamaji: wewe umesimama wapi?

Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaiandika elimu hiyo katika kitabu. Akasema picha ni kama dirisha lililo wazi. Na juu ya dhahabu akatoa hukumu: mchoraji anayeweza kuonyesha mng'ao wa dhahabu kwa rangi za kawaida anastahili sifa kuliko yule anayebandika dhahabu yenyewe. Hapo ndipo thamani ilipoanza kuhama kutoka kwenye mali kwenda kwenye mkono.

Hapa nina neno na wewe uliyesoma chuo ukiwa mdogo, ukapigwa fimbo kwa ajili ya alif na be. Katika jumba la Uffizi mjini Florence kuna picha ya Mamajusi, ya Gentile da Fabriano, ya mwaka 1423. Ndani ya duara la Maria kuna maandishi, nawe ukiyaona kwa mbali utasema: hizi si herufi za Kiarabu? Sogea ujaribu kuzisoma. Hazisomeki. Ni mapambo yaliyoiga umbo la herufi zilizokuja na vitambaa na sinia za shaba kutoka Misri na Sham. Huenda waliona ni maandishi ya nchi alikoishi Yesu, wakadhani yanamfaa mama yake.

Umbo la herufi waliiga bila kulielewa. Elimu iliyoandikwa kwa herufi hizo waliielewa sana. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyehamia Cairo, alikuwa ameandika katika karne ya 11 kitabu kikubwa kueleza jinsi jicho linavyoona: kwamba mwanga hutoka kwenye kitu kwa mistari iliyonyooka ukaingia jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, na hata kwa Kiitaliano, na Lorenzo Ghiberti, mchongaji wa milango mashuhuri ya lile lile jengo la ubatizo, alichota humo kwa wingi alipoandika juu ya sanaa yake. Uzi wa Brunelleschi ulipita njia ambayo Basra na Cairo walikuwa wameshaifyeka.

Turudi kwenye duara letu. Kijana mmoja, Masaccio, aliyefariki Roma mwaka 1428 akiwa hata miaka thelathini hajafika, alichora ukutani mwa kikanisa cha ukoo wa Brancacci huko Florence kisa cha Yesu na mitume wakidaiwa kodi. Mitume wamesimama wamezunguka, kila mmoja na kivuli chake ardhini, na mwanga wote unatoka upande ule ule wa dirisha halisi la kikanisa. Na maduara? Masaccio ameyalaza. Mtume akigeuka, duara linageuka naye, linakuwa yai, linakuwa kisahani kilichoinamishwa. Ameligeuza kuwa chombo, kitu cha bati kinachofuata kanuni ya umbali kama kofia. Tatizo la Giotto limetatuliwa. Lakini kitu kingine kimetokea: nuru ya mbinguni imekuwa kofia. Ukishafika hapo, swali la pili haliko mbali. Kama ni kofia, si anaweza kuivua?

Kati ya 1495 na 1498, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa Wadominiko mjini Milan, Leonardo da Vinci akaivua.

Hiyo ndiyo picha ya shangazi. Yenyewe ina urefu wa karibu mita tisa kwenda upande na zaidi ya nne kwenda juu. Kuta za chumba kilichochorwa zinaendeleza kuta za ukumbi wenyewe, kana kwamba watawa na mitume wanakula chumba kimoja. Waliposafisha picha hiyo mafundi walikuta alama ya msumari: tundu dogo kwenye paji la Yesu, upande wa sikio lake la kulia. Hapo ndipo nyuzi zote zilipotoka. Boriti za dari, kingo za meza, mapazia ya ukutani, vyote vinakimbilia kwenye tundu lile. Huhitaji herufi za kukuambia yule wa katikati ni nani. Chumba kizima kinamnyooshea kidole.

Na kichwa chake kimekaa mbele ya dirisha. Duara limeondoka, limebaki mwanga wa jioni nyuma ya mtu.

Meza hii haimwagiki kama ya Duccio. Imelala sawasawa, na kwa hiyo vyakula vingi huvioni vizuri. Umepoteza mkate, umepata sekunde moja: Yesu ametoka kusema kwamba mmoja wao atamsaliti, na sentensi hiyo inapita mezani kama upepo kwenye mpunga. Tomaso ameinua kidole. Petro amesimama ana kisu mkononi, anamnong'oneza Yohana. Wachoraji wa Florence waliotangulia walizoea kumweka Yuda peke yake upande wa huku wa meza, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani, usije ukamkosea. Leonardo amemkalisha katikati ya wenzake, mfuko wa fedha mkononi, amerudi nyuma kidogo, uso wake umeingia kivulini. Lazima umtafute. Sura yake ndiyo inayomsema, naye amekaa bega kwa bega na watu wema.

Shangazi alisema kweli: wale wana shughuli zao. Hakuna hata mmoja anayekutazama. Wewe umechungulia dirishani, umekuta watu katikati ya jambo zito, na wao hawana habari nawe.

Leonardo mwenyewe alilipia gharama ya kutaka mengi. Kuchora ukutani kwa desturi ni kupaka rangi juu ya lipu mbichi, na lipu haingoji mtu: unapiga eneo la kazi ya siku moja, jioni imekauka. Yeye alitaka kufikiri, kurudi, kufuta. Akapaka juu ya ukuta mkavu, kwa yai na mafuta, na rangi ikaanza kubanduka angali hai. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango chini ya picha, wakaondoka na miguu ya Yesu. Agosti 1943 bomu likaangusha sehemu kubwa ya ukumbi, ukuta wa picha ukabaki umesimama nyuma ya magunia ya mchanga. Kazi kubwa ya kuitengeneza picha ilianza 1978, ikamalizika 1999.

Sasa nisije nikakuacha na picha iliyonyooka kupita kiasi. Kalenda haikugeuzwa usiku mmoja. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio aliandikiana mkataba na hospitali ya watoto waliotupwa huko Florence, achore Mamajusi kwa florini 115. Mkataba unamtaka apake kwa mkono wake mwenyewe, maana sasa watu walikuwa wananunua mkono. Lakini mkataba huo huo unamtaka atumie unga wa dhahabu, na buluu ile ya gharama ya karibu florini nne kwa aunsi, iliyosagwa kutoka jiwe la machimbo ya Badakhshan, Afghanistan. Mteja alitaka vyote viwili: akili ya mchoraji, na mali inayoonekana.

Na majina haya, Zama za Kati na Renesansi, ni ya waliokuja baadaye. Giorgio Vasari, mchoraji aliyechapisha maisha ya wasanii mwaka 1550, ndiye aliyeeneza habari kwamba sanaa ilikufa ikazaliwa upya, na kwa bahati, au si kwa bahati, ilizaliwa upya pande za kwao. Duccio hakuamka asubuhi akajiona yuko katikati ya zama mbili. Mshindi ndiye mwandika tanzia, na mara nyingi huwaandikia hata walio hai.

Kama nikiulizwa Renesansi ilileta nini chema kuliko vyote, sitataja uzi wala kuba. Nitataja picha moja ndogo iliyoko Louvre, Paris, ya huyo huyo Ghirlandaio: mzee na mjukuu wake. Pua ya mzee imevimba, imejaa vinundu, ni ugonjwa. Mchoraji hakumficha. Mtoto ameinua uso, ameweka mkono kifuani kwa babu, anamtazama kana kwamba pua ile haipo, au kana kwamba ndiyo pua nzuri kuliko zote duniani. Hakuna duara kichwani mwa yeyote. Zama zilizotangulia zilikuwa na nuru ya watakatifu. Hizi zikasema hata babu mwenye pua mbovu anastahili ubao, rangi na subira ya fundi.

Juzi nilipita tena kwa shangazi. Nikamsimulia yote haya, meza ya Duccio, sahani za Giotto, kofia za Masaccio, hadi nikafika kwa Leonardo. Nikamwambia kwa fahari ya mtu aliyesoma, "Kwa hiyo, shangazi, Yesu wa picha yako kubwa hana duara. Leonardo aliliondoa."

Akainuka polepole, akavaa miwani, akasogea ukutani. Akaweka kidole. "Na hili ni nini?"

Nikasogea. Miaka yote hiyo sikuwa nimeangalia. Kichwani mwa Yesu, kwa nyuzi za njano zinazometa, lilikuwepo duara. Leonardo alilivua, kiwanda kikamvisha tena.

"Wasingemrudishia," shangazi akasema huku akirudi kukaa, "nani angenunua?"

Msikilizaji wangu, nakuacha hapo. Ukiwa na picha ukutani, usiku wa leo isogelee, iangalie vizuri.